Nyumba Iliyoipa Bahari Kisogo

6 Februari

Dada,

Shikamoo. Naanza nayo kwa sababu mama alinilea, usije ukadhani nimelainika. Sisi huku wazima. Kifua cha wifi yako kimetulia, ingawa jirani wa ghorofa ya juu ameanza tena kuburuta makochi. Sijui kila siku anahamia wapi ndani ya chumba kimoja. Mimi naendelea kuwafundisha watu udereva. Wiki hii mwanafunzi wangu mmoja ameufahamu mlango wa benki kwa karibu mno. Hakuna aliyeumia ila mlango.

Sasa hoja. Mjomba ametuamuru tuandikiane, maana kwenye simu hatumalizi salamu bila kukatiana. Ili kesho usiseme hukusikia vizuri, nayarudia maneno yake kama alivyoyasema tukiwa tumekaa mbele yake wote wawili. Nyumba ya baba ni yetu sote, na haiuziki bila saini yako na yangu. Mimi nitatafuta wanunuzi. Wewe unayekaa humo utawafungulia mlango, utawajibu watakachouliza, na hutasema uongo. Akipatikana mnunuzi wa kweli tunauza na kugawana. Uliinamisha kichwa. Kwa watu wengine kichwa kikiinama ni ndiyo. Labda kwako ni usingizi.

Tangazo limeshatoka gazetini. Nimelikata, hili hapa:

"Inauzwa: nyumba ya familia, mahali pa faragha, nje kidogo ya mji, karibu na ufuo. Vyumba vinne, kisima, miti ya matunda, utulivu wa kutosha, mandhari ya bahari."

Waonyeshe watu vizuri. Ukiharibu kwa makusudi nitajua. Nakufahamu tangu ulipokuwa unavunja sahani na kulia mimi nikichapwa.

Mdogo wako


1 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipokea kama mtu anavyopokea chenji yenye noti iliyochanika: si nzima, lakini utafanyaje. Mimi mzima. Mlimau umezaa mpaka umeinama, kuku wawili wamekufa bila kueleza sababu, na Mjomba ameweka meno mapya, sasa kila akisema "sawa" anapiga mluzi. Mpe wifi pole ya makochi.

Wageni wako wamekuja: muuguzi mstaafu na mumewe, watu wa heshima. Mume alikuwa na kofia. Aliposhuka tu garini upepo ukaivua, tukaja kuikuta baadaye bandani, kuku wameshaikalia.

Nikafungua mlango, kama nilivyoahidi. Nikawawekea chai. Mume akanywa, akakitazama kikombe, akauliza, "Mama, kwa bahati mbaya hukutia chumvi hapa?" Nikamwambia, "Hapana baba, mimi nimetia sukari. Chumvi imetia kisima." Ameuliza, nimejibu.

Kisha mke akasema, "Na hiyo mandhari ya bahari iko wapi?" Hapo ndipo uliponitia majaribuni. Unajua vizuri kuwa baba alipaka rangi meli bandarini maisha yake yote, akaapa kwamba akistaafu hataki kuiona bahari hata kwa bahati mbaya. Ndiyo maana nyumba nzima imeipa kisogo. Upande ule ni ukuta mtupu. Lakini gazeti limesema mandhari, na mimi siwezi kumwambia mgeni kwamba ndugu yangu ni mwongo. Nikawapeleka bafuni. Nikageuza ndoo, nikamwambia, "Panda hapa mama, shika bomba, chungulia kile kidirisha cha juu." Akapanda. "Unaiona?" Akasema, "Naona kitu cha buluu." Nikamwambia hilo ni turubai la watu wa shamba la pili, bahari iko kushoto kwake.

Wakauliza mvua ikinyesha njia inakuwaje. Nikawajibu. Wakauliza kwa nini bati limekuwa na rangi ya kahawa. Nikawajibu. Wakauliza usiku kukoje. Nikasema kimya, isipokuwa vyura. "Vyura wengi?" Nikasema sijawahi kumpata mmoja aliyenyamaza nikamuuliza.

Wameondoka wakinishukuru kwa ukweli wangu. Mjomba aliagiza ukweli. Kama unataka uongo, njoo uuseme mwenyewe, unao wa kutosha.

Na nikuambie mapema. Nilikubali kufungua mlango, sikukubali kutoka nje. Cherehani yangu iko hapa, wateja wangu wanaijua njia ya hapa, na baba alipolala kitanda kile cha mwisho aliyekuwa anamgeuza ubavu alikuwa hapa. Wewe ulikuwa unatuma pole.

Dada yako


19 Machi

Dada,

Shikamoo, fupi. Wifi yako anakusalimu. Mimi bado natafakari. Jirani wa juu sasa amenunua kinu.

Ndoo! Umempandisha mama mzima, mstaafu wa watu, juu ya ndoo! Dalali niliyempa kazi ya nyumba kanipigia kunieleza, akacheka mpaka ikabidi nimngoje amalize ndipo nijue anacheka nini. Sikucheka.

Dada, kutosema uongo si kumwaga kila kitu. Mtu akija kuulizia mchumba, ndugu wa bibi harusi hawaanzi na kukoroma. Unayajua haya. Unajificha nyuma ya ukweli kama mtoto nyuma ya pazia, na miguu yote inaonekana.

Habari ya kumuuguza baba naomba uitue chini. Umeibeba muda mrefu, mkono utakufa ganzi. Na hao wateja wanaoijua njia, mbona nilipokuja mwaka jana sikumwona hata mmoja? Sikuuliza, nikahifadhi. Leo nauliza.

Nimeandika tangazo jipya. Bahari nimeifuta, ushukuru:

"Inauzwa: nyumba iliyojengwa kwa mkono wa mwenyewe, mbali na kelele. Ukuta mnene wa nyuma unaikinga na upepo wa pwani. Sakafu baridi hata jua likiwa la utosi. Varanda pana inayotazama miti, ambapo mtu anaweza kukaa alasiri nzima bila kuitwa jina."

Ona, hakuna neno la uongo hata moja. Sasa tuone utaipandisha wapi ndoo yako.

Mdogo wako


30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua. Mjomba anaumwa mgongo na anakulaumu wewe, mimi nikamuunga mkono. Kinu cha jirani yako kinanisikitisha. Hebu mwambie wifi apande naye atwange kidogo, zamu kwa zamu.

Wameletwa wengine: mwenye duka la vipuri vya magari na mkewe. Walifika kwa miguu. Gari lao lilikuwa limezama njiani mpaka kwenye vitasa, na yeye muuza vipuri alikuwa akilizunguka akitaja majina ya vyuma vilivyokuwa vinaharibika humo chini, kimoja kimoja, kama anayesoma majina ya marehemu. Akauliza, "Njia huwa hivi?" Nikamwambia hapana, leo ni nafuu.

Mume hakutaka kuona zaidi. Alisimama mlangoni akinyoosha shingo kutazama gari. Mke ndiye aliyezunguka. Alikaa varandani kwako pale unapopasifu, akavua viatu, akaweka miguu sakafuni, akasema kweli ni baridi. Nikamwambia ni baridi, na vidole vya mshonaji vikipata baridi ile havishiki uzi. Kisha akaniuliza swali moja la kipuuzi ambalo sina haja ya kulirudia hapa. Nikamwambia chai inapoa.

Hawatanunua. Wamevutwa na trekta, na mume kaniachia namba ya simu kwa shida yoyote ya gari, ingawa gari sina. Watu wema, nawapenda hawa unaoniletea. Lete na wengine.

Kuhusu wateja wangu, ulipokuja wewe walikuwa safarini.

Dada yako


21 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimekaa kimya, najua. Kazi zilinibana, hawa wanafunzi wa mwaka huu hawajui kushoto mpaka wainue mkono wanaolia chakula, na wakiinua mkono wanaachia usukani. Wifi yako mzima. Jirani wa juu ameletewa wajukuu.

"Walikuwa safarini." Wote? Kwa basi moja?

Dalali ananisumbua kila siku anataka tangazo la tatu. Nimemwambia angoje, nalipiga msasa. Nyumba ile si kiatu, uitupie maneno mawili na picha. Hapa nilipofika inakwenda hivi, na unisahihishe kama nimekosea:

"Asubuhi mwanga unaingilia jikoni, unatambaa ukutani taratibu, saa ya chai unakuwa umefika mezani. Mvua ikipiga bati chumba cha nyuma, mtu hasikii simu, hasikii deni, hasikii hata mawazo yake mwenyewe, analala. Ukifungua mlango alfajiri unapokelewa na harufu ya majani ya mlimau yaliyolowa. Hakuna anayepita. Hakuna aliye juu yako isipokuwa bati na Mungu."

Hivi mwanga bado unafika mezani, au miti imekua? Na chumba cha nyuma kile nilichokuwa nalala, umeweka nini humo siku hizi? Usije ukanijazia makorokoro. Akija mtu, usimwonyeshe kile. Mwonyeshe vingine.

Naona pia ile bei tuipandishe kidogo. Watu wa ovyo wanajileta mno.

Mdogo wako


14 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Mjomba ameyazoea meno, mluzi umekwisha, tumepoteza burudani. Kuku wameacha kufa. Wifi nimeongea naye kwenye simu, usimgombeze, mimi ndiye niliyemchimba. Anasema siku hizi unasoma matangazo yako kwa sauti mezani mpaka chakula kinapoa, na ukimaliza unakaa ukiangalia dari. Hilo lako. Mimi nina langu.

Juzi kaja mtu ambaye hukumtuma wewe wala dalali. Ni mfuga nyuki, mtu mfupi, anaongea polepole kana kwamba neno akilishika vibaya litamuuma. Alikuwa anafungia chupa za asali kwa magazeti ya zamani, akaliona lile tangazo lako la ukuta na upepo.

Nikamwanza kama ilivyo kawaida yangu. Nikamwambia mvua ikinyesha njia inakatika. Akasema, "Vizuri. Watoto hawatapita kunipigia mizinga mawe." Nikamwambia maji ya kisima yana chumvi. "Nyuki wanayapenda hayo." Nikamwambia hakuna jirani wa kuitika ukiita. "Basi hakuna wa kulalamika." Nikamwambia nyumba imeipa bahari kisogo. Akaenda uani, akalowesha kidole mdomoni, akakiinua juu, akakaa nacho hivyo, akasema, "Aliyejenga hapa alikuwa na akili sana. Upepo haufiki." Nikamwambia aliyejenga alikuwa na kinyongo tu. Akasema, "Nyuki hawaulizi sababu, dada."

Nilimaliza mabaya yote ya nyumba hii, nikabaki sina la kumtishia.

Sasa nikuambie lile swali la kipuuzi la Aprili. Mke wa muuza vipuri, miguu yake ikiwa sakafuni, aliniuliza, "Na wewe dada, unapendea nini hapa?" Nikafungua mdomo. Nimefungwa kutosema uongo, kwa hiyo nikatafuta la kweli. Nikatafuta, nikatafuta. Ndipo nikamwambia chai inapoa, na chai yenyewe ilikuwa bado haijamiminwa.

Tangu siku hiyo najaribu kumjibu. Sindano zangu hapa zinashika kutu kabla ya kumaliza pindo. Wateja ulisema kweli, hawapo; wanaishia kwa fundi wa njia panda, na ningekuwa wao ningeishia huko huko. Siku zinapita sijatamka neno ila "toka" kwa kuku. Baba alijenga nyumba kuikomoa bahari, na mimi nimekaa ndani yake kukukomoa wewe. Bahari haikujua, na wewe ulikuwa unalala usingizi wako. Miezi yote hii nawaeleza wageni ubaya wa nyumba, kumbe mtu pekee aliyekuwa akinisikiliza kwa makini nilikuwa mimi.

Usijipongeze. Hukunishinda. Nimejishinda mwenyewe, na ushindi huo sikugawii.

Mfuga nyuki anaitaka nyumba kwa bei ile ile uliyoipanga, hakuomba kupunguziwa. Nimeshatia saini, karatasi iko kwa Mjomba. Imebaki yako. Ulikuwa na haraka, sivyo? Panda basi uje.

Dada yako


25 Agosti

Dada,

Shikamoo. Usihesabu ukimya wangu kuwa jeuri. Kwanza niliteguka kifundo cha mkono, mkono wa kuandikia. Kisha kulikuwa na ukaguzi wa magari ya shule. Kisha karatasi ya Mjomba ilipofika, mwandiko wake sikuuelewa vizuri, nikaona ni busara nisitie saini kitu nisichokisoma.

Mkono umepona. Karatasi nimeisoma. Sitii saini.

Huyo mfuga nyuki simwamini. Mtu akikubali bei bila kubishana ana jambo. Halafu hebu jisikie mwenyewe: nyumba aliyoinyanyua baba tofali kwa tofali, uiachie wadudu? Wewe unayejigamba ulimgeuza ubavu, leo unamgeuzia mgongo? Nilidhani angalau mmoja wetu ana moyo. Ni wewe uliyeniambia huondoki. Ninayo barua, sijaichana.

Mimi nimekaa nikafikiri sana. Hapa ninapoishi mtu hafikiri, anasikiliza watu wengine wakiishi juu ya kichwa chake. Nimeona tulikosea toka mwanzo. Nyumba kama ile hazijengwi tena. Tusiuze. Dalali nimeshamwambia afute.

Pendekezo langu ni hili. Wewe ubaki hapo hapo uitunze, kama siku zote. Mimi na wifi yako tutakuwa tunakuja likizo, tulale chumba cha nyuma, tupumzike kelele. Bati nitasaidia kulipaka rangi nikipata nafasi. Ningehamia mwenyewe hata kesho, lakini kazi yangu iko huku, na wifi yako na kile kifua hawezi kukaa mbali na hospitali. Wewe huna kinachokufunga. Na zaidi ya hayo, umeshazoea.

Chumba cha nyuma ukipigie deki.

Mdogo wako


16 Septemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Wifi msalimu sana, huyo hana kosa. Mjomba anakusalimu pia, ila amesema nisiandike alivyosema, kwa sababu hakuimaliza kwa adabu.

Barua hii naiandikia njia panda. Nimepanga chumba kimoja, mlango unaitazama barabara, vumbi linaingia, watu wanaingia. Hivi ninavyoandika kuna mama amekaa mbele yangu anangoja gauni la harusi ya mwanawe, anajifanya hasomi. Fundi wa hapa wa zamani amenuna na ameanza kushusha bei. Nimefurahi kupata adui wa karibu. Wewe ulikuwa mbali mno, nilikuwa najichosha.

Barua yako nimeisoma mara moja, imetosha. Mwanzo ulitaka nitoke ili upate fungu lako. Sasa unataka nibaki ili upate pa kukumbukia. Mimi niikalie, wewe uipende. Mimi nile chumvi, wewe unuse mlimau. Kumbe maneno yote yale matamu ulikuwa unajiandikia mwenyewe, na ukajiuzia, ila malipo umetaka nitoe mimi. Eti nimeshazoea. Punda naye amezoea, mbona hujamwandikia?

Nilikwenda kwa Mjomba na barua yako. Nikamuuliza, "Mjomba, saini moja haiuzi nyumba. Inatosha kukaribisha mtu?" Akavua meno, maana anafikiri vizuri akiwa hana, akasema, "Anayekaa ndani ndiye anayesema karibu." Na mimi nilikuwa bado nakaa ndani. Nikasema karibu.

Kwa hiyo mfuga nyuki amehamia. Si mwenye nyumba, ni mpangaji, na amekubaliana na Mjomba mpaka hapo sisi wawili tutakapoelewana, yaani ana muda wa kutosha kuzeeka humo. Kodi inagawanywa kwa Mjomba, nusu yako inakungoja. Mizinga ameipanga uani kote mpaka chini ya varanda yako. Chumba cha nyuma anawekea nta na vyombo vya moshi. Nilimwambia mtu mmoja alitaka kipigwe deki; akasema atakumbuka.

Siku ya kuondoka nilifungasha cherehani kwenye mkokoteni, nikafunga mlango, nikampa ufunguo. Nikajiambia, ukifika barabarani utalia, usijidanganye, ni nyumba ya baba ile. Nikakaa juu ya begi langu pale kituoni nikingoja machozi. Niliyangoja kwa adabu kabisa, kitambaa mkononi. Likapita basi, nikapanda.

Sikukatazi kwenda. Nyumba ni yako kama ilivyo yangu, na mwanga wa jikoni unafika mezani, nimekuangalizia. Ila ukienda, piga hodi ukiwa mbali. Nyuki bado hawajaambiwa kuwa wewe ni mwenye nyumba.

Dada yako